Kipimo cha pumzi tunakiuliza swali lisilo lake

Mwezi Julai 2025 watafiti wa Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, IARC, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, walichapisha katika jarida la Nature Medicine makadirio ambayo yamezunguka sana tangu hapo. Walisema kwamba kati ya watu waliozaliwa duniani kote kuanzia 2008 hadi 2017, milioni 15.6 watapata saratani ya tumbo maishani mwao mambo yakibaki kama yalivyo, na kwamba asilimia 76 ya saratani hizo zitatokana na bakteria mmoja, Helicobacter pylori. Kwa Afrika kusini mwa Sahara waliongeza jambo lililoshtua zaidi: mzigo wa ugonjwa huo unaweza kufika angalau mara sita ya ule uliokadiriwa mwaka 2022. Hiyo "mara sita" ndiyo iliyoshikwa na wengi. Nayo imekuja wakati maabara binafsi za mijini zinatangaza kipimo cha kupuliza: unakunywa dawa, unapuliza kwenye mfuko, mashine inasoma pumzi yako kwa mionzi ya infraredi, na ndani ya saa moja unajua kama una bakteria wa tumbo. Hakuna sindano, hakuna kamera ya kumezeshwa. Watu wameunganisha habari hizi mbili na kufikia hitimisho linaloonekana la busara, kwamba kila mtu mwenye kiungulia au gesi akapulize. Mimi nadhani hapo tumekosea. Kipimo cha pumzi ni miongoni mwa vipimo bora kabisa tulivyonavyo kwa ugonjwa huu, lakini katika nchi zetu thamani yake kubwa iko baada ya dozi kwisha. Swali tunalolikimbilia, "je, ninao?", mara nyingi jibu lake linakisika. Lisiloulizwa ni hili: "je, wameondoka?"

Nianze na hiyo mara sita. Haina maana kwamba bakteria wanaongezeka mara sita, wala kwamba wamekuwa wakali kuliko zamani. Kinachoongezeka ni watu, na hasa watu watakaoishi hadi umri ambao saratani hii hutokea. Watoto wengi wa leo watakuwa wazee wengi wa kesho, na katika bara hili watoto ni sehemu kubwa zaidi ya watu kuliko katika mabara mengine. Bakteria wenyewe wamekuwa nasi muda wote. Uchambuzi mkubwa uliotolewa mwaka 2017 ulikadiria kwamba zaidi ya nusu ya watu duniani waliishi nao mwaka 2015, Afrika ikiongoza kwa asilimia 70 hivi. Wengi huambukizwa utotoni, ndani ya familia, na wengi hubaki nao maisha yote bila kujua. Kati ya walioambukizwa, takriban mtu mmoja hadi watatu katika kila mia hupata saratani ya tumbo, na wengi zaidi ya hao, pengine 10 hadi 15 kwa mia, hupata vidonda. Waliobaki hula, hulala na huzeeka na bakteria wao. Takwimu hizo zishikwe vizuri, maana hoja yote inazitegemea.

Namna kipimo kinavyofanya kazi nayo ielezwe kwa kituo, kwa sababu makosa mengi huanzia kwa kutoijua. Bakteria huyu anamudu kuishi kwenye asidi kali ya tumbo kwa msaada wa kimeng'enya kiitwacho yurease. Kimeng'enya hicho huipasua yurea, kemikali ya kawaida mwilini, ikatoka amonia, inayotuliza asidi kumzunguka bakteria, pamoja na kaboni dioksidi, ambayo hupenya kwenye damu, ikafika mapafuni na kutoka na pumzi. Seli za binadamu hazina yurease. Kwa hiyo mgonjwa hupuliza mfuko wa kwanza, kisha hunywa yurea kidogo, mara nyingi miligramu 75, iliyotengenezwa kwa kaboni-13, aina ya kaboni iliyo nzito kidogo, badala ya kaboni-12 ya kawaida. Huinywa pamoja na kitu chenye uchachu kama maji ya machungwa ili tumbo lisiimwage haraka. Husubiri kama nusu saa, halafu hupuliza mfuko wa pili. Kama bakteria wapo, kaboni-13 itaonekana kwenye mfuko huo wa pili. Kazi ya mashine ni kulinganisha mifuko miwili tu. Molekuli ya kaboni dioksidi hunyonya infraredi kwenye urefu wa wimbi unaotegemea uzito wake: yenye kaboni-12 karibu na mikromita 4.26, yenye kaboni-13, kwa kuwa ni nzito kidogo, karibu na 4.38. Katika aina mojawapo ya mashine hizi, mwanga hukatwakatwa na gurudumu linalozunguka, ukapita katikati ya hewa ya mgonjwa, ukaishia kwenye kichumba kilichojazwa gesi ileile inayotafutwa. Gesi hiyo ikipata joto na kupoa hutikisika, na maikrofoni ndogo huusikia mtikisiko. Kabla ya miaka ya 1990 kazi hii ilihitaji spektromita za masi, mashine ghali zinazotaka wataalamu wake na chumba chake. Infraredi ndiyo iliyokishusha kipimo hadi kwenye meza ya maabara ya kawaida.

Tofauti inayotafutwa ni ndogo ajabu. Katika kila atomu milioni moja za kaboni duniani, karibu 11,000 ni kaboni-13. Kikomo kinachotumika mara nyingi kusema mtu ana bakteria ni ongezeko la takriban 4 kwa elfu kati ya mfuko wa kwanza na wa pili, yaani kutoka 11,000 hadi 11,044. Mashine inayoweza kuona atomu 44 za ziada katika milioni inaweza pia kuona mambo mengine yasiyohusu ugonjwa. Hapa ndipo chakula chetu kinapoingia. Mahindi, mtama, uwele, ulezi na miwa hukusanya kaboni kwa njia tofauti na mchele, ngano, maharage na muhogo, na kwa sababu hiyo vina kaboni-13 nyingi zaidi. Tofauti ya asili kati ya hindi na ngano ni kama 15 kwa elfu, zaidi ya mara tatu ya kikomo chenyewe. Mla ugali wa Dodoma na mla mkate wa Berlin hawapulizi hewa iliyo sawa hata kabla ya kunywa chochote. Hilo halikiharibu kipimo. Ndiyo sababu mfuko wa kwanza upo, kila mtu alinganishwe na nafsi yake. Lakini linaeleza kwa nini kufunga kabla ya kipimo si urasimu wa wauguzi. Mgonjwa anayekunywa chai ya sukari ya miwa katikati ya mifuko miwili, kwa kuwa ameambiwa asubiri nusu saa na njaa inamuuma, anaingiza kaboni-13 ambayo haikutoka kwa bakteria yeyote. Kikombe kimoja hakitamgeuza kila mtu kuwa mgonjwa, ila kwa yule aliye jirani na mstari kinaweza kutosha.

Kosa la upande wa pili ni kubwa zaidi, nalo huanzia duka la dawa. Omeprazoli na ndugu zake hupunguza asidi, na asidi ikipungua bakteria hupungua na kunyamaza bila kufa. Mgonjwa akipuliza wakati huo anaweza kuambiwa hana kitu. Miongozo inataka dawa hizo ziachwe wiki mbili kabla ya kipimo, na antibayotiki pamoja na dawa za bismathi wiki nne. Sasa fikiria mtaa wowote wa Dar es Salaam au Mombasa. Mtu mwenye maumivu ya tumbo amekwisha kununua omeprazoli kabla hajamwona daktari. Amoksilini aliimeza juzi kwa ajili ya koo, na hakumwambia mtu kwa sababu hakuulizwa. Karibu kila ninapoona mashine hizi zikisifiwa, sifa zinakuwa za usahihi: zaidi ya asilimia 90, wengine 95. Ni kweli. Usahihi huo ulipatikana kwa wagonjwa waliokuwa wameacha dawa.

Tuchukulie basi kwamba maandalizi yote yamefuatwa na jibu ni chanya. Limetuambia nini? Katika jamii ambayo watu saba kati ya kumi wana bakteria, limetuambia kwamba mgonjwa huyu ni kama jirani zake. Halijatuambia kwamba maumivu yake yanatokana na bakteria huyo. Kwa wagonjwa wenye maumivu ya juu ya tumbo ambao kamera haioni kidonda wala kitu kingine, majaribio yakijumlishwa yanaonyesha kwamba inabidi kutibu bakteria kwa watu wapatao 14 ili mmoja zaidi apone kabisa dalili zake. Si haba, na kuna madaktari wenye busara wanaosema inatosha. Lakini wengi wa wale 13 wengine wataendelea kuumwa, watarudi, watapimwa tena, na hapo ndipo shida halisi ya nchi zetu inapoanza, kwa sababu wakirudi wanapimwa damu.

Kipimo cha damu kinatafuta kingamwili, yaani kumbukumbu ya mwili kwamba uliwahi kukutana na bakteria. Kumbukumbu hiyo hudumu miezi, mara nyingine miaka, baada ya bakteria kufa. Nimewahi kuonyeshwa na shemeji yangu bahasha ya majibu yake: kila karatasi kipimo cha damu, kila karatasi chanya, na kila karatasi ilifuatwa na dozi nyingine. Hakuna aliyeweza kumwambia kama dozi ya kwanza ilimponya. Wanaokitetea kipimo hiki hutoa hoja moja, kwamba ni rahisi, kinapatikana mpaka zahanati ya kijijini, na kitu kidogo ni bora kuliko kukosa kabisa. Hoja hiyo ni dhaifu kuliko zote zinazotolewa katika mjadala huu, na hesabu yake ni fupi. Kama asilimia 70 ya watu wanao bakteria, mhudumu anayemwambia kila anayeingia mlangoni "unao" bila kumchoma sindano atakuwa sahihi mara 70 katika 100. Kipimo kinachotozwa fedha lazima kiongeze kitu juu ya hapo, na kwa mtu ambaye amewahi kutibiwa hiki hakiongezi chochote. Makubaliano ya wataalamu wa Ulaya yaliyotolewa mwaka 2022 na miongozo ya Marekani hayakikubali kwa kuhakiki uponaji. Urahisi wa bei ni wa siku ya kupima tu. Ukijumlisha dozi zisizo na sababu, kipimo cha damu ni ghali.

Hoja nzito ziko kwingine. Ya kwanza ni ya IARC wenyewe na wanaofuata mkondo wao: kupima watu wazima wengi kabla hawajaumwa na kuwatibu, ili kuzuia saratani. Ushahidi wake ni wa kweli. Katika visiwa vya Matsu, Taiwan, wakazi walianza kupimwa kwa pumzi na kutibiwa kwa wingi mwaka 2004. Hadi 2018 maambukizi yalikuwa yameshuka kutoka asilimia 64.2 hadi 15, na saratani ya tumbo ilipungua kwa kiasi kinachokadiriwa kuwa asilimia 53. Huko Linqu, China, majaribio makubwa zaidi yalihusisha watu zaidi ya 180,000, na matokeo yaliyotolewa mwaka 2024 yalionyesha kupungua kwa saratani kwa kiasi kidogo lakini kinachoonekana, kikubwa zaidi kwa wale ambao bakteria waliondoka kweli. Mtu akisoma haya anaweza kuuliza kwa nini Tanzania au Kenya isifanye vivyo hivyo. Jibu langu si kwamba haiwezekani. Ni kwamba wasimuliaji wa Matsu hurukia mwanzo na mwisho, wakaacha katikati. Katikati ni kwamba watu walipimwa, wakatibiwa, wakapulizishwa tena baada ya matibabu, na waliobaki na bakteria wakapewa dozi nyingine ya dawa tofauti. Huko Linqu nako, pamoja na usimamizi wote wa utafiti, matibabu kamili yalifanikiwa kwa asilimia 72.9. Zaidi ya robo ya waliomeza dozi nzima walibaki na bakteria, na walijulikana kwa sababu walipuliza tena.

Kwetu hiyo robo inatibiwa kwa dua. Mgonjwa anamaliza vidonge vya mchanganyiko, nafuu inakuja (omeprazoli peke yake huleta nafuu), anaruhusiwa kwenda. Kama klarithromaisini, mojawapo ya antibayotiki za mchanganyiko huo, haikufanya kazi, hakuna ajuaye. Shirika la Afya Duniani liliiweka H. pylori sugu kwa klarithromaisini kwenye orodha yake ya bakteria wanaohitaji dawa mpya kwa haraka mwaka 2017. Metronidazoli, ambayo hapa imetumika kwa kila aina ya kuhara tangu enzi za wazazi wetu, nayo bakteria wameizoea. Makubaliano yale ya 2022 yanasema kwamba pale usugu wa klarithromaisini unapozidi asilimia 15, au usipojulikana, mgonjwa aanze na dozi ya dawa nne yenye bismathi. Sehemu kubwa ya Afrika Mashariki inaangukia kwenye "usipojulikana", kwa kuwa kuotesha bakteria huyu maabara ni kazi ngumu na vituo vinavyoiweza ni vichache. Kipimo cha pumzi kikitumika baada ya dozi kingekuwa njia nafuu ya kulijua hili bila kuotesha chochote. Hospitali ya rufaa inayopuliza kila mgonjwa wiki nne au zaidi baada ya matibabu, ikaandika nani amepona na kwa dawa zipi, itajua ndani ya mwaka mmoja kama dozi inayoandikwa na madaktari wake bado inaponya. Hospitali inayotumia mashine hiyohiyo kupima kila mwenye gesi itajua kwamba watu wengi wana bakteria, jambo lililojulikana tayari.

Hoja ya pili yenye uzito ni ya kipimo cha choo, kile kinachotafuta antijeni, yaani chembechembe za bakteria wenyewe. Kikiwa cha aina nzuri, yenye kingamwili za monoklonali, na kikafanywa maabara, kinakaribia kipimo cha pumzi kwa usahihi, kinaweza kuhakiki uponaji, na hakihitaji mashine ya infraredi. Sina la kukipinga. Mahali palipo na kipimo hicho cha uhakika hapana haja ya kukimbilia mashine mpya ili hospitali ionekane ya kisasa. Tatizo ni kwamba vitepe vya haraka vinavyouzwa kwa jina hilohilo vinatofautiana sana kwa ubora, na maduka hayavitofautishi. Halafu kuna jambo ambalo wataalamu hulipuuza: watu wetu wengi hawapendi kubeba choo kwenye kikopo ndani ya daladala, na mgonjwa ambaye tayari amepata nafuu ndiye atakayeona haya kwanza. Kurudi kupuliza ni rahisi zaidi kumshawishi.

Wapo pia wanaoogopa neno mionzi. Hofu hiyo isitupotezee muda mwingi. Infraredi haimgusi mgonjwa; inapita kwenye mfuko wa hewa yake ndani ya mashine. Kaboni-13 haina mnururisho na tayari imo kwenye ugali aliokula jana. Ipo aina nyingine ya kipimo inayotumia kaboni-14, ambayo ina mnururisho, mdogo sana lakini upo, ndiyo maana watoto na wajawazito hawapewi, na kwa Tanzania vitu vya aina hiyo viko chini ya udhibiti wa Tume ya Nguvu za Atomiki. Mgonjwa ana haki ya kuuliza anakunywa ipi.

Bei ndiyo pingamizi la kweli, na haliondoki kwa kununua mashine. Mashine ya infraredi ikishanunuliwa inatumika miaka. Kinachokula fedha ni ile yurea ya kaboni-13, ya mara moja kwa kila mgonjwa. Kaboni-13 hutenganishwa na kaboni-12 kwa kuigeuza gesi ya kaboni monoksidi kuwa kimiminika na kuivukiza polepole kwenye baridi kali ndani ya minara mirefu, kazi inayofanywa mahali pachache duniani, na hakuna dalili kwamba itafanyika kwetu karibuni. Kila dozi itaagizwa kwa fedha za kigeni. Ndiyo sababu nasisitiza mahali pa kuitumia. Kama uwezo wetu ni wa dozi elfu moja kwa mwaka, kuzimaliza kwa watu wasio na dalili ya hatari ni kununua jibu tunalolijua. Zikienda kwa waliotibiwa kwa sababu ya vidonda vilivyotoka damu, kwa wenye mzazi au ndugu aliyekufa kwa saratani ya tumbo, kwa wanaolazimika kumeza dawa za maumivu muda mrefu, kila jibu litabadilisha uamuzi wa daktari. Na mtu wa makamo anayepungua uzito, anayetapika damu au anayeshindwa kumeza asipulizishwe kwanza. Huyo ni wa kamera, na kila wiki anayopotezewa kwa jibu la pumzi, liwe chanya au hasi, ni wiki ambayo ugonjwa haukusubiri.

Mifuko ya bima inayo nafasi hapa ambayo madaktari hawana. Ikikataa kulipia kipimo cha damu kwa ugonjwa huu na ikakubali kulipia kipimo kimoja cha pumzi au cha choo cha maabara baada ya kila dozi, tabia itabadilika haraka kuliko kwa semina. Na fomu ya maombi ya kipimo iwe na mistari miwili ya lazima, tarehe ya mwisho kumeza omeprazoli na tarehe ya mwisho kumeza antibayotiki. Mistari hiyo isipojazwa, mteknolojia wa maabara awe na mamlaka ya kumrudisha mgonjwa nyumbani na kumpa tarehe nyingine, hata kama amekwisha kulipa.